Nilivyowafukuza Wazee kwa Kiberiti

Jamani, kosa ni langu. Msimsingizie shetani, siku hiyo hata hakupita mtaani kwetu.

Mtaa wetu hapa Kasulu zamani ulikuwa nyumba za nyasi tupu. Sasa bati, maofisa, mapazia! Na mimi, mama mzima wa miaka arobaini na kitu, nikapandisha bati. Na pua ikapanda.

Mama mkwe wangu naishi naye. Kila asubuhi wazee wenzake watatu walikuja jikoni na vigae vyao vya vyungu kuomba moto. Makaa mawili tu, lakini kuondoka hawaondoki! Kwanza salamu na kupiga makofi, halafu habari za magoti, za marehemu, vicheko mpaka jua kali.

Siku moja mke wa ofisa jirani akaniuliza, "Mama, hao ombaomba wanakuja kila siku?"

Yesu wangu, aibu niliyoiona!

Jumapili, nimetoka kusali, nikawagawia kila mmoja kiberiti. Na mahubiri juu, si nimesoma kisomo cha jioni! "Bibi zangu, mambo ya kuombana moto yamepitwa na wakati."

Wakapokea kwa mikono miwili. "Asante, mama. Tumeelewa."

Walielewa kweli! Kesho yake kimya. Keshokutwa kimya. Mama mkwe anakaa jikoni, macho mlangoni, uji unapoa mkononi. Wiki ya pili akaacha kula.

Nikawafuata. "Bibi, njooni, mama yuko peke yake."

Bibi Nyamwiza, mkubwa wao, akanitazama. "Tuje kuomba nini, mwanangu? Moto tunao."

"Njooni mkae tu!"

"Tukae kwa mwenye bati? Safari hii utatugawia nini, sabuni?"

Wakacheka! Nikarudi nimejifunika kanga mpaka puani.

Mama mkwe akamwambia mume wangu, "Nipeleke Kibondo kwa dada yako. Huko bado watu wanaishiwa moto."

Nikapiga magoti, nikalia. Wapi! Akapanda lori na kifurushi chake. Wale watatu walikuja kumuaga, wakamshika mikono, wakalia naye. Barabarani lakini. Kwangu hawakukanyaga.

Wenzangu mnaojenga, jengeni. Ila mzee akija kuomba makaa, mpe makaa na kigoda juu. Usimpe kiberiti ukajifanya una huruma kuliko Mungu.

Mimi jikoni kwangu sasa pasafi, hakuna wa kunisumbua. Nipeni hongera basi!