Perege wa Mindu na Jumapili Bila Gari

Ndoa yetu ilikuwa bado haijatimiza mwaka nilipompeleka mume wangu kwetu Mgeta, juu milimani, kwa mara ya kwanza tangu harusi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, yeye fundi mitambo katika kiwanda kimoja mjini Morogoro, na tulipanga vyumba viwili pale Mafiga. Kwao ni Bukoba. Alizaliwa akilitazama ziwa, na tangu tufahamiane masikio yangu yalikuwa yamejaa habari za ziwa hilo: upepo wake, samaki wake, maji yake yasiyo na ng'ambo. Siku ya kwanza nilipomwonyesha mto unaopita mjini kwetu aliutazama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na mto wenyewe uko wapi?"

Tulikuwa na kigari chenye mgongo kama wa kobe, alichokifufua mwenyewe kutoka kwenye chuma chakavu. Petroli ilikuwa adimu kama sukari, kwa hiyo alikuwa ameidunduliza kidogo kidogo mpaka ikatosha kutupandisha na kuturudisha. Tukaondoka Jumamosi alfajiri. Baada ya Mlali barabara ilianza kujipinda, kigari kikawa kinapanda kwa gia ya kwanza huku kikikohoa, na akina mama waliokuwa wakishuka na matenga ya kabichi kichwani wakawa wanatucheka. Ukungu ulipotufunika alitoa kichwa dirishani, akasema, "Mke wangu, huku kwenu mnaishi mawinguni."

"Ngoja ule kwanza," nikamwambia.

Mama yangu alitupokea uani. Mume wangu akainama, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmefika salama? Karibuni, karibuni."

Tulikula magimbi ya moto, njegere mbichi zilizoungwa kwa karanga, na baadaye matunda damu yaliyotuachia midomo myekundu. Alikula vizuri, ila kila kitu alikisifia kwa adabu mno, kama mtu aliye ugenini, na hilo lilinikera. Kisha mama akatutembeza kwenye matuta yake. Alipofika kwenye kipande kimoja karibu na kijito, akakionyesha kwa fimbo.

"Shamba hili ni la binti yangu. Lilikuwa la mama yangu, sasa ni lake. Wewe, baba, huku ni mgeni wetu."

Mume wangu akanitazama. Kwao shamba ni la baba na la mtoto wa kiume. "Sasa mimi nina nini hapa, mama?" akauliza.

"Wewe una jembe," mama akajibu, akacheka mpaka akashika kiuno. Mume wangu naye akacheka, lakini usiku nilimwona amelala macho wazi akiifikiria sheria hiyo ya ajabu.

Jumapili tulishuka mapema. Miaka ile magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa ajili ya kubana matumizi ya mafuta, na tulikuwa na nafasi ya kutosha. Tulipopita Mzumbe nikamwomba tusimame Mindu. Bwawa lilikuwa jipya. Miti iliyozama bado ilichomoza matawi makavu katikati ya maji, ndege weupe wametua juu yake, na milima ya Uluguru yote ilikuwa imelala humo kichwa chini.

"Ziwa hilo," nikasema.

"Dimbwi," akajibu, ingawa alikuwa ameshavua viatu.

Ukingoni palikuwa na kibanda cha makuti cha mama mmoja wa makamo aliyekaanga perege na kuwauzia wapita njia. Aliinua mmoja, mnene, angali akirusharusha mkia. Mume wangu akamtazama yule samaki kama mtu aliyekutana na ndugu yake kituo cha basi.

"Dada," akasema, "huyu usimkaange. Una majani ya mgomba?"

"Ya kufanyia nini, kaka?"

"Nikuonyeshe wanavyopika kwetu."

Yule mama akaniangalia. Nikainua mabega. Basi mume wangu, ambaye nyumbani hakuwahi kugusa hata mwiko, akakunja mikono ya shati. Akaomba kitunguu, nyanya, chumvi na pilipili, akayapitisha majani juu ya moto mpaka yakalainika, akamviringisha samaki na kumfunga kwa ukambaa wa mgomba. Mama mwenye kibanda akafunga perege wa pili, na kwenye fungu hilo akatia tui la nazi, akisema hawezi kuona samaki analiwa mkavu. Wakaanza kubishana kuhusu nazi. Nilikaa kwenye jiwe, miguu majini, nikiwasikiliza.

Tulipofungua yale majani mvuke ulitoka na harufu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nameza mate. Tulikula kwa mikono, pamoja na ndizi za kuchemsha. Alionja lile fungu lenye nazi, akaonja tena.

"Hili lako limenishinda," akamwambia yule mama.

Hapo ndipo redio ya kibanda cha jirani ikatangaza kwamba ni saa nane kamili.

Mume wangu aliruka na mkono wake wenye mafuta. "Tukikimbia je?"

"Mkimbie wapi, kaka? Polisi yuko pale njia ya mjini," yule mama akasema. "Liacheni gari hapa. Nani ataliiba, na petroli hakuna?"

Tukaliacha. Tulitembea mpaka Mafiga, mimi na kikapu cha njegere, yeye na mzigo wa magimbi begani. Barabara yote ya Iringa ilikuwa yetu. Baiskeli chache, watoto wanacheza mpira katikati ya lami, mbuzi wamelala kwenye mstari mweupe. Yule polisi alitukuta tunakuja kwa miguu, akatusalimu kwa heshima. Tulipompita, mume wangu akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tuoane.

"Unajua," akasema, "kwetu sijawahi kulizunguka ziwa nikaona mwisho wake. Hili lenu nimeliona lote. Mtu anaweza kulizoea."

Nikaukaza mkono wake, tukaendelea kutembea.

Kesho yake aliazima baiskeli alfajiri akalifuate gari kabla ya kazi. Alikuta perege wameanikwa kuanzia boneti hadi nyuma, wamepasuliwa na kupangwa vizuri.

"Bati lako zuri, kaka," yule mama akamwambia bila haya, "jua likitoka tu linashika joto." Akamlipa kwa samaki watatu wakavu, akamsaidia kulisukuma gari mpaka likawaka.

Tulilisugua lile gari kwa majivu, kwa malimau, kwa kila kitu isipokuwa sabuni, maana sabuni haikuwepo. Harufu ya samaki haikutoka. Mpaka masika yakaja, paka wote wa Mafiga walikuwa wakilala juu yake.