Sufuria Mbele ya Dirisha

Mpishi wa shughuli alikuwa na sufuria moja kubwa kuliko zote mtaani. Watu wakiwa na harusi au msiba, walianza kuulizia sufuria, kisha ndiyo wakamtaja mwenyewe. Kwa hiyo alijua vizuri: siku sufuria itakapotoka, na yeye kazini ametoka.

Siku hiyo mvua ilimwagika tangu asubuhi. Mke wa mwanawe akasogeza meza ya jikoni hadi dirishani ili apige picha za vyombo kwa simu, viuzwe mtandaoni. Mwana alishakubali. Friji linakuja, nafasi inatakiwa, na mama apumzike.

"Mama, nishikie hili shuka jeupe upande huo, mwanga urudi kwenye chombo."

Mpishi akashika. Mawingu yalikuwa mazito, naye moyoni akayashukuru. Sufuria ilikuwa na masizi hadi mdomoni, na kwa makusudi hakuisugua. Picha zikitoka mbaya, nani atanunua?

Miiko ikapigwa picha, chungio likapigwa, ikafika zamu ya sufuria. Picha ya kwanza, giza tupu. Ya pili, mkwe akaangua kicheko na kumwita mumewe kutoka sebuleni.

"Njoo uone ulikolishwa ukiwa mdogo. Mbwa wa jirani angekataa."

Mwana akatazama simu, akacheka. "Kumbe ndiyo maana tumbo langu sugu."

Hapo mpishi akasahau hesabu zake zote. Aseme nani kwamba chombo chake kichafu? Akatupa shuka kitini, akachota majivu, akasugua mpaka jasho likamtoka. Akaifuta, akageuzia ukutani upande uliobonyea, akainamisha kidogo kuelekea dirishani.

"Haya, piga sasa. Simama huku, usiniwekee kivuli."

Sufuria ikang'aa kama imetoka dukani leo. Mkwe akaituma picha mtandaoni. Chai waliyomimina haijapoa, simu yake ikaita: mnunuzi yuko jirani, anakuja na mvua hii hii.

"Hiyo tuiache, mwanangu," mpishi akasema. "Nimeghairi."

"Si umeipamba mwenyewe?" mkwe akajibu. "Bibi harusi akishapambwa, unamfungia ndani?"

"Mama, usitutie aibu mbele ya mtu," mwana akaongeza, bila kuinua macho.

Mnunuzi alikuwa mwanamke mwenye mikono minene, ndiyo kwanza anaanza kupikia shughuli. Akaigonga sufuria kwa kucha, akasikiliza mlio, akaridhika.

"Na mwenyewe bado anapika?"

"Alishaacha," mkwe akadakia. "Namba yako tunayo. Wanaomwulizia tutawaelekeza kwako."

Mwana akaiingiza namba kwenye simu yake papo hapo.

Mpishi alikuwa bado na majivu kwenye vidole. "Hapo chini pamekonda," akamwambia mnunuzi taratibu. "Moto wa kuni usiuache ukashika upande mmoja."

"Nimepika mimi, mama," mnunuzi akasema. Akajifunika sufuria kichwani kama kofia, akatoka mvuani.