Saruji ya Chumba cha Noela

Sesilia ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Akikohoa jikoni, mimi nasikia nikiwa kitandani. Tulihamia Chamazi pamoja, kwenye nyumba za mradi wa watu wa kipato chetu: chumba kimoja, jiko na choo, na kwa nyuma msingi wa vyumba viwili, nondo zimechomoza. Ukipata uwezo, unapandisha ukuta. Siku ya kukabidhiwa funguo bwana mmoja alitutangazia kwamba nyumba hizi zinakua pamoja na familia. Tukampigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, na nikikumbuka hasira inanipanda.

Mwaka wa pili, Noela, binti yao wa kwanza, akavunja ungo. Sesilia na mumewe Fransis ni watu wa Masasi, na kwao mwali akishachezwa unyago hawezi tena kulala chumba kimoja na baba yake. Hata mimi nisingekubali. Pazia la kugawa chumba halikutosha tena. Wakampeleka kwa shangazi yake, Gongo la Mboto, kwa makubaliano kwamba chumba cha nyuma kikiisha anarudi.

Fransis ni kibarua wa makontena Kurasini. Siku isiyo na kazi anarudi na vumbi tu. Sesilia anakaanga mihogo. Marejesho ya nyumba yakishatoka, kinachobaki ni kidogo, na hicho kidogo kikilala kwenye simu, lazima ndugu apige ana mgonjwa. Ndipo Sesilia akapata wazo: kila akishika chochote, ananunua mfuko wa saruji na kuusukuma chini ya kitanda. Nani atapiga simu kuomba saruji?

"Mama yangu alikuwa anaweka makopa ya muhogo ghalani, njaa ikija sie tunakula," aliniambia. "Mie naweka saruji."

Nikamsifu. Haba na haba hujaza kibaba, nikamwambia, kama mtu anayejua ujenzi. Chini ya kitanda kulipojaa, wakapanga mingine ukutani, wadogo zake Noela wa kiume wakawa wanalala wamekunja miguu. Masika yakapita, yakaja mengine. Sakafu ikawa inatoa maji, naye anaifunika mifuko yake kwa nailoni kama anayefunika mtoto.

Mwezi uliopita akamwita fundi Twaha aanze kazi. Noela naye akaja, kamaliza kidato cha nne, ateke maji ya ujenzi. Twaha akavuta mfuko wa kwanza, akaugonga kwa koleo. Ukalia kama jiwe. Akavuta mwingine, na mwingine, mpaka yote ikawa katikati ya chumba.

"Mama, hii imeshakufa," alisema taratibu. "Saruji haitunzwi hivi. Ikipata unyevu inagandia humo humo."

"Na tukiitwanga?"

"Utapata vumbi, mama. Haitashika tofali."

Fransis akatoka nje, akasimama juu ya ule msingi, ametugeuzia mgongo. Sesilia akakaa sakafuni. Hakulia. Afadhali angelia, kwa sababu mimi nilikuwa naona aibu kumtazama usoni. Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema, na siku ile niliuchukia msemo huo kwa kuwa wa kweli.

Noela akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama, msinunue tena kwa ajili yangu. Nimepata kazi ya ndani Msasani, naanza Jumatatu. Nilikuwa sijui niwaambieje."

"Utalala wapi?"

"Huko huko. Wamenionyesha chumba, kiko uani. Nitalala peke yangu."

Sesilia aliweka mkono juu ya mfuko mmoja uliopasuka. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anamjengea binti yake chumba, na watu asiowajua walikuwa nacho cha ziada.

"Kina dirisha?" aliuliza.

"Kina dirisha, mama."

"Basi nenda, mwanangu."