Mikato Mitatu Chini ya Dawati

Sina haja ya kuficha, nimeshazeeka: nilikuwa namwonea kijicho jirani yangu. Tulijifunza useremala kwa fundi mmoja, tukafungua vibanda vyetu Temeke, tukitazamana. Lakini mie changu makuti, chake bati. Mie kwa miguu, yeye kwa baiskeli, na akipita kwangu lazima apige kengele. Kila tenda ya Serikali ilikwenda kwake. Nikimwuliza siri, anacheka: "Riziki kama ajali, ndugu yangu, huitambui ijapo." Ajali gani hiyo inayomgonga mtu mmoja kila mwaka?

Siku moja kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa akitusomea gazeti, akatusomea tangazo. Serikali inataka madawati ya shule. Kila fundi apeleke dawati moja la mfano kwenye ghala moja mtaa wa Gerezani. Atakayeshinda atapewa tenda yote. Niliinuka na nusu ya kichwa haijanyolewa. "Mara hii atanitambua!"

Mbao nzuri nilizokuwa nazo zilikuwa za mninga, nimezikausha miaka miwili, za kitanda cha binti yangu. Nilikuwa nimemwahidi mbele ya wakwe zake. Mke wangu akanikuta nazipiga randa.

"Hizo mbao si zako, baba," akaniambia.

"Tenda ikija nitanunua nyingine."

"Na isipokuja?"

Nikaendelea kupiga randa. Wivu ulishanipanda kichwani.

Nililitengeneza dawati bila msumari hata mmoja, nikalisugua kwa msasa hadi likateleza. Chini yake nikapiga mikato mitatu ya patasi, alama yangu. Marehemu fundi wetu alitaka kila mwanafunzi awe na yake. Ya jirani ilikuwa mkato mmoja. Pale ghalani niliwakuta mafundi wa Kinondoni, wa Ubungo, hata wa Kigamboni, waliovuka maji na madawati vichwani. Karani akayapokea yote. Jirani sikumwona, nikafurahi, mpumbavu mie.

Tenda akapewa yeye. Nilipolifuata dawati langu, karani akasema mifano hairudishwi, kwani sikusomewa gazeti mpaka mwisho?

Shule ilipofunguliwa, wazazi tukaitwa. Mzungu wa elimu akakaa kwenye dawati la mbele, akalipapasa, akamsifu jirani mbele ya watu wote. Mninga ule niliujua. Alipoinuka tu, nikapeleka mkono chini yake. Mikato mitatu. Nikapapasa la pili, nikakuta msalaba. La tatu, duara. Darasa zima lilikuwa la mafundi waliokwenda ghalani, kila mmoja na alama yake. Mkato mmoja sikuuona popote. Ile tenda waliila jirani na karani bila kushika randa!

"Yageuzeni!" nikapiga kelele. "Yageuzeni muone!"

Karani wa ghala, naye alikuwepo, wala hakushtuka. "Msamehe, bwana," akamwambia Mzungu. "Huyu ni jirani yake. Ana wivu."

Watu wakacheka. Wazazi wenzangu, watu wa mtaani kwangu, wakacheka, kwa sababu hilo walikuwa wanalijua siku nyingi. Hakuna aliyegeuza hata dawati moja.

Harusi ikafika na kitanda hakuna. Asubuhi ile rukwama likasimama mlangoni, limebeba kitanda cha mninga, zawadi ya jirani. Mke wangu akapiga vigelegele, hakunitazama. Binti yangu akampigia magoti yule bwana: "Shikamoo, baba. Ahsante, baba." Nami nikalazimika kumpa mkono na kushukuru.

Walipotoka kwenda kula pilau, nikabaki chumbani peke yangu. Nikainama, nikapeleka mkono chini ya kitanda. Mkato mmoja. Safari hii alitengeneza mwenyewe, na Mungu anisamehe, kilikuwa kizuri kuliko dawati langu.