Muuza Magodoro Aliyelala Dirishani

Mwanzoni hakuna aliyedhani ni ugonjwa. Muuzaji alifika dukani asubuhi kama kawaida yake, akafagia, akapanga mito, kisha akajilaza juu ya godoro la maonyesho, lile lililokaa nyuma ya kioo cha mbele, akawapa mgongo wapita njia. Mchana hakuamka, jioni pia hakuamka. Siku hiyo duka liliuza kuliko wiki nzima iliyotangulia, maana watu walimwona mtu mzima amelala fofofo mbele ya macho yao, wakaamini kwamba godoro ndilo hilo.

Bosi wake hakuwa mtu wa kuchezea bahati. Alimfunika shuka jipya na kuwakataza wengine wasimsumbue. Mama wa muuzaji alipokuja kuuliza mbona mwanawe harudi nyumbani, bosi alimjibu kwa adabu zote kwamba kijana amepandishwa cheo.

Mtaani walimwita Godoro. Pacha wake, aliyefanana naye hata kikohozi, alikuwa kinyozi, basi wakamwita Wembe. Baba yao alipofariki walikuwa bado wanang'oka meno ya utoto, na mama hakuweza kulea wote wawili. Wembe akabaki naye. Godoro akachukuliwa na shangazi, dada wa baba, ambaye kwake kosa dogo lilikulaza stoo, na kosa kubwa lilikulaza stoo na njaa. Hata hivyo alikua, akaoa, akapata mtoto. Mwaka ule aliokuja kulala dirishani, mtoto akafa kwa homa. Mke akarudi kwao, kwani kila mmoja alikuwa akiuona uso wa mtoto usoni kwa mwenzake. Kisha mvua ikaja ikabomoa ukuta wa chumba, kana kwamba kulikuwa na kazi haijakamilika.

Wembe ndiye aliyekwenda kumtoa dirishani. Alipovuta shuka alimkuta ndugu yake macho makavu, kodo.

"Silali," Godoro alisema. "Nimechoka tu kuwepo."

Wembe alimbeba begani mpaka nje. Mlangoni mteja mmoja akauliza kama huyo anauzwa pamoja na godoro.

Hospitalini walikwenda ukoo mzima, yaani mama, shangazi na Wembe. Daktari, mama mmoja mtaratibu, alisema hiyo ni sonona, ugonjwa unaomnyang'anya mtu usingizi, hamu na nguvu. Akauliza kama wapo wengine nyumbani waliowahi kuugua hivyo. Shangazi akawahi kusema kwamba kaka wa huyu wifi yake alipanda juu ya paa kuziba tundu, akakaa huko mpaka akawa anapelekewa chai kwa ngazi. Mama naye akakumbusha kwamba baba mzazi wa shangazi, kwa miaka mingi, hakuongea na mtu isipokuwa redio, na hata redio alikuwa akiinunia.

Daktari aliwasikiliza mpaka wakaishiwa pumzi. Akaeleza kwamba hakuna kinasaba kimoja cha sonona. Vipo vingi, kila kimoja kina uzito mdogo, na huenda kijana amevipata pande zote mbili. Shangazi akaomba basi damu ya upande wake itolewe, ili ile ya upande wa mama ibaki peke yake ijulikane. Akaambiwa hakuna kipimo cha namna hiyo.

"Sasa kama ni damu," shangazi akasema, "mbona huyu pacha mwingine mzima?"

Mama alimgeukia.

"Wifi, damu yao ni moja. Huyu nilibaki naye. Yule nilikupa wewe."

Shangazi akaukumbatia mkoba wake na kusema kwamba stoo ile ilikuwa na dirisha. Daktari akaongeza taratibu kwamba shida za utotoni na misiba ya ukubwani, zikimkuta mtu ambaye tayari huumia upesi, humlemea zaidi. Akaandika dawa, akampangia Godoro siku za kuja kuzungumza na mshauri.

Wembe alirudi kazini na hesabu yake kichwani: kama damu ni moja, kilichopungua kwake ni shida tu. Akaamua kutokutana nayo. Akawa ananyoa wateja akiwa amevaa helmeti ya pikipiki. Mteja akianza kusimulia ya mkewe au ya kazini, alimsimamisha na kumtoa nje hata akiwa amenyolewa nusu. Akamwacha mchumba wake kwanza, asije akaachwa yeye. Wateja wakaisha.

Miezi ikapita. Godoro akaanza kulala usiku na kula bila kubembelezwa. Bosi alimwomba arudi dirishani angalau siku za mwisho wa mwezi, akakataa. Sasa aliuza akiwa wima. Siku moja akapita kwa ndugu yake, akamkuta amekaa peke yake kwenye kiti cha kunyolea, na helmeti yake, anatazama kioo.

"Hujambo?"

"Bado haijanipata."

"Nini?"

"Yoyote."

Godoro akamvua helmeti polepole. Nywele zilikuwa zimeshonana kama zulia. Akachukua mashine.

"Daktari alisema sisi tunaumia upesi," alimwambia. "Hakusema lazima tuugue."

"Na ikija?"

"Tutakwenda mapema. Chumba nakijua."

Alimnyoa vibaya sana. Wembe alipojiona kwenye kioo alicheka, kisha kicheko kikageuka, akamlilia yule mtoto wa ndugu yake ambaye hakuwahi kumlilia. Mtu akachungulia mlangoni kuuliza kama wamefungua. Godoro akamwonyesha benchi, akamwambia akae kidogo.