Mgomba Uliokuwa Mahali pa Kaburi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nilisikia panga likifyeka nje ya dirisha langu. Sikufungua macho. Nilisikiliza.

Nilikuwa nimelala nyumbani kwa mama, kijijini Muleba, tangu nilipotoka hospitali Bukoba. Kabla ya hapo nilikuwa nikichuuza dagaa kisiwani Goziba. Mke wangu alifariki, mimi nikapimwa, nikaambiwa nina virusi vya UKIMWI. Dawa za kuvifubaza hazikuwa zimetufikia wakati ule. Lakini si virusi vilivyokuwa vikinimaliza mwezi ule. Kifua kikuu kilichonilaza hospitali kilikuwa kimepona; daktari alisema nile, nitembee, nipate nguvu. Nilikuwa nimeacha tu. Nililala nimeelekea ukuta, na mtu akiniuliza jambo, jibu lilikuwa mbali mno kulifuata. Neno sonona nililisoma miaka mingi baadaye, katika kitabu cha wauguzi. Siku zile, kijijini, mtu aliyegeukia ukuta alisemwa kuwa anaaga.

Misiba ilikuwa ikifuatana, watu wakajifunza kutangulia: uwanja ulifyekwa na mbao kununuliwa mgonjwa angali anapumua. Ndiyo maana baba mdogo alikuja na majirani wawili.

Aliingia kunisalimia. Alisimama miguuni pa kitanda, ameshika kijiti, macho yakinipima kutoka kichwani hadi nyayoni.

"Umeamkaje, mwanangu?"

Nilibaki nimeelekea ukuta.

"Amelala," alimwambia mama.

"Hajalala. Anakusikia."

Alitoka. Sauti zao zikahama kutoka uani kwenda upande alikozikwa baba yangu. Kwetu mtu huzikwa kibanjani, shamba la nyumbani kwake, katikati ya migomba, kwa hiyo nilijua wanatafuta nini.

"Hapa penye nshakala," baba mdogo alisema. "Mgomba huu ukitoka, nafasi inatosha."

"Una mkungu," jirani alisema.

"Tutaupika siku yenyewe."

Shina lile la nshakala, ndizi zetu za kupika, nililipanda mimi, kijana bado, mwaka vita ya Uganda ilipoisha. Niliporudishwa kutoka hospitali, wiki tano nyuma, ndizi za mkungu ule zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka kwenye ua. Hazingeweza kuwa zimekomaa. Nilipiga hesabu mara mbili. Lilikuwa wazo la kwanza kulifuata hadi mwisho tangu nilale pale.

Panga likagonga mgomba.

Niliinuka. Nilishika ukuta, kisha mlango, kisha bega la mama. Hakunizuia, wala hakunisaidia.

"Uacheni huo," nilisema. "Mkungu ni mchanga. Mtawalisha wageni utomvu."

Panga lilibaki juu. Jirani mmoja akamgeukia baba mdogo. "Mzee, mwenye msiba anakataa."

"Tunasafisha tu, mwanangu."

"Na hicho kijiti, kinasafisha nini?"

Mama alicheka, akaziba mdomo kwa kanga. Baba mdogo akaketi kwenye nyasi alizofyeka. "Mwenye ubishi hivi, basi ale," alisema. "Mimi nimechoka."

Nilikula ndizi na maharage, wote wakinitazama. Nusu nilitapika. Kesho yake niligeukia ukuta tena, na keshokutwa pia. Lakini mama alikuwa ameona kilichoniinua. Hakuniambia tena nile. Alisimama mlangoni akasema mgomba uliopigwa panga unainama na yeye hana nguvu ya kuukitia mti wa kuuegemeza. Nilitoka, nikaukitia. Siku iliyofuata yalikuwa majani makavu ya kupunguza. Kila asubuhi alikuwa na kazi ambayo eti hawezi, na kila asubuhi nilichukua muda kidogo zaidi kabla ya kurudi kitandani. Ukuta haukuondoka, hadi leo zipo siku ninazougeukia. Mkungu ule ulipokomaa, niliukata mwenyewe.

Mbao za jeneza baba mdogo alikuwa amekwisha kuzinunua Kashai, mjini Bukoba, akazihifadhi kwa jirani. Alimuuzia fundi wa vitanda. Hasara yake, ambayo hakuacha kunikumbusha kila nilipomtembelea, ilikuwa shilingi mia nane.