Kaburi Ambalo Hatukulichimba

Mume wangu, Saw Doh Wah, anajulikana hapa kwenye kambi ya wakimbizi kwa mambo mawili: hakuna anayehubiri tumaini kama yeye, na hajui kuwasha moto wa kuni. La pili naliapia mimi mwenyewe. La kwanza wataliapia wote, kuanzia waliojenga juu kilimani hadi wanawake wanaofua kijitoni. Akifa mtu, hata kama si wa kanisa letu, watu hupanda ngazi ya nyumba yetu kumwita Mwalimu, ndivyo wanavyomwita mchungaji wao, akaandike habari za maisha ya marehemu na kuzisoma kabla jeneza halijafungwa. Ameandika mamia. Zote zinaishia palepale: tutaonana asubuhi ya ufufuo. Ana pia kijarida chake cha kila mwezi, kurasa nane, anachokiandika kwa mkono mpaka vidole vinakakamaa, kisha kanisa linakidurufu. Nacho ni tumaini mwanzo mwisho.

Watu husema Mwalimu amejaliwa imani. Mimi niliyezeeka naye najua kinachomsukuma. Kuna mtu mmoja aliyekufa ambaye ni lazima aonane naye. Kama wafu hawafufuki, mume wangu hana pa kulipeleka neno lake.

Mwaka tuliokimbia Burma tulikuwa tukiishi Htee Law Kee, kijiji cha nyumba thelathini. Jirani yetu, Naw Lah Say, alikuwa ng'ambo ya mlima akipalilia mpunga. Alikuwa amemwacha mama yake, Bibi Mu Yeh, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa mwaka wa pili. Asubuhi ya kuondoka alimwambia mume wangu, "Mwalimu, askari wakija, mama ni wako." Mume wangu akasema sawa. Hatukuliona kuwa neno zito, maana kila msimu wa palizi watu waliachiana wazee wao hivyo hivyo.

Askari wa serikali walikuja siku ya tatu, mvua ikinyesha. Tulikuwa na tenga moja kubwa la mgongoni, lile la mkanda wa paji la uso, na ndilo lililokuwa la kumbebea Bibi. Lakini kanisani kulikuwa na sanduku. Ndani yake mlikuwa na daftari la ubatizo tangu enzi za mababu, tenzi zilizonakiliwa kwa mkono, na madaftari ya mume wangu ya masimulizi ya wazee, kazi ya miaka tisa.

Sasa, ili umwelewe mume wangu lazima ujue jinsi sisi Wakareni tunavyolelewa. Tunaambiwa kwamba hapo kale Mungu alimpa babu yetu kitabu. Babu akaenda nacho shambani, akakiweka juu ya kisiki, akapalilia, akakisahau. Kuku wakakichakura mpaka kikaisha. Ndugu zetu wengine walikitunza cha kwao, wakatawala dunia. Kila mtoto wa Kikareni akiacha daftari lake sakafuni hupigwa kofi na kuulizwa kama naye anataka kuwa kama babu. Mume wangu alipigwa makofi hayo kuliko wenzake, kwa kuwa baba yake alikuwa mchungaji.

Basi akasimama kati ya Bibi na sanduku, akachagua sanduku. Alisema atavuka nalo mto, alifiche kwenye mianzi, arudi na tenga tupu. Aliamini hivyo, na mimi niliamini, au nilitaka kuamini. Watu wakisimulia habari kama hizi, siku zote bibi kizee husema nendeni, wanangu, msinijali. Bibi Mu Yeh hakusema hivyo. Aliuliza, "Mtarudi saa ngapi?"

Hatukurudi. Kufikia adhuhuri mto ulikuwa umefurika na moshi ulikuwa unapanda ng'ambo.

Siku ya nne ya kukimbia Lah Say alitukuta mpakani, matope hadi kiunoni. Hakuuliza habari za mtu mwingine yeyote. Mume wangu akamwambia kwamba mama alishikwa na homa njiani, akafa usingizini, tukamzika chini ya mti kando ya kijito, tukaimba. Lah Say akaishika mikono yake miwili na kumshukuru. Mimi nilikuwa hapo nikimnyonyesha binti yetu, Hsa, nikainamisha kichwa kana kwamba mtoto ana shida ya kunyonya.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu imekwenda miaka ishirini na sita. Katika muda huo mume wangu amepewa joho la heshima mara tatu kama mtu aliyekiokoa kitabu, na kila mara aliporudi nyumbani alilala bila kula. Nilimtania kwamba sifa zinamshibisha. Nilijua sana kwamba sivyo.

Mwezi uliopita njia zilitulia kidogo, watu wakaanza kupanga safari ya kwenda kuona vijiji vyetu. Lah Say akaja na boga begani, uso umechangamka kama wa msichana. Alitaka kusimamisha msalaba kaburini. "Nichoree ramani tu, Mwalimu," alisema. "Mti gani, upande gani wa kijito. Na uniandikie habari za mama, hujawahi kumwandikia."

Siku mbili mume wangu alikaa na karatasi nyeupe. Siku ya tatu nikakasirika. Nilimwambia achore mti wowote, msitu una miti mingi, Lah Say atalia, atafarijika, na yatakwisha.

"Mama Hsa," akasema, "apige magoti kwenye udongo mtupu kwa ajili yangu?"

Akashuka ngazi, nami nikamfuata.

Tulimkuta Lah Say akifuma, mkanda wa mtambo umemzunguka kiunoni, kwa hiyo hakuweza kuinuka kutukaribisha. Alitucheka, akatuambia tukae na tujitwalie tambuu wenyewe. Mume wangu hakukaa.

"Dada, sina ramani. Kaburi halipo. Mama yako tulimwacha ndani ya nyumba, akiwa hai. Ndani ya tenga nilitia sanduku la kanisa."

Mikono ya Lah Say ilisimama juu ya nyuzi. Nikasikia kuku wake wakitembea chini ya sakafu.

"Kwa hiyo ulibeba karatasi," akasema.

"Nilibeba karatasi."

Mume wangu akaanza kusema kwamba hakuna siku aliyoandika bila kumkumbuka Bibi, kwamba anangoja siku ya kusimama mbele yake. Lah Say akamkatiza. "Usinihubirie, Mwalimu. Leo usinihubirie." Kisha akauliza polepole, "Mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa na blanketi?"

Mume wangu akaitazama mikono yake. "Hapana. Nililichukua mimi, nikafunikia sanduku."

Huo ulikuwa uongo. Yeye alikuwa tayari chini na tenga mgongoni. Ni mimi niliyepanda tena ngazi, kwa sababu mvua ilikuwa inaingia kwenye vitabu. Bibi alikuwa ameishika pembe ya blanketi. Nilimwambia, tutalirudisha, Bibi. Akaachia. Hatujawahi kulitaja, mume wangu na mimi, hata usiku mmoja. Nilidhani hajui lilikotoka.

Ningeweza kunyamaza. Mdomo ulikuwa umejaa tambuu, sababu nilikuwa nayo. Niliitema.

"Ni mimi, dada. Nililivuta mkononi mwake."

Lah Say akanigeukia. Huyu ndiye aliyemzalisha Hsa wangu mtoto wake wa kwanza.

"Jumatatu mtakwenda wote wawili," akasema mwishowe. "Mtanionyesha nyumba ilipokuwa. Na wewe, Mama Hsa, hayo uliyosema sasa hivi utayasema palepale, kwa sauti, mama mwenyewe asikie."

Mume wangu akasema yeye ndiye mchungaji, atasema yeye kwa niaba yetu.

"Wewe umeshasema sana," Lah Say akamjibu. "Asiyesema ni mkeo."

Jana ilikuwa Jumapili. Mume wangu alisoma lile neno la wafu kufufuliwa, sauti yake ikitetemeka, na watu wakadhani ni uzee. Nimelisikia maisha yangu yote, mara nyingi nikiwaza mchele wa jioni. Jana niliogopa kwamba ni kweli, na nilipofika nyumbani nikaogopa zaidi kwamba huenda si kweli, na kule tunakokwenda leo hakuna wa kunisikia.